Jinsi ya kukadiria betri na sola za boti ya umeme

Boti inayoendeshwa kwa injini ya umeme huhitaji hesabu kabla ya safari, kwani betri ikiisha katikati ya ziwa hakuna pa kuichaji.

Injini ya volti 12 inayovuta ampea 25 hutumia wati 300. Kwa saa 4, jumla ni wati-saa 1,200, sawa na ampea-saa 100.

Hata hivyo, betri ya risasi na asidi ikishushwa mara kwa mara chini ya nusu ya uwezo wake huharibika mapema. Hivyo safari hiyo huhitaji ampea-saa 200. Kwa betri ya lithiamu, inayotumika hadi asilimia 80, ampea-saa 125 hutosha. Akiba kwa ajili ya upepo wa mbisho huongezwa juu ya hapo.

Karibu na ikweta, paneli hupata wastani wa saa 5 za jua kamili kwa siku. Kwa kuwa takriban robo ya umeme hupotea kutokana na joto, nyaya na uchaji, huhitajika paneli za wati 320 pamoja na kidhibiti chaji.

Aidha, kasi ikipunguzwa kwa nusu, nguvu inayohitajika hushuka hadi karibu sehemu moja ya nane au chini yake. Kwa hiyo, betri inapopungua, nahodha hushauriwa kupunguza mwendo mapema.