Gati la Progreso na Chuma Kilichoishinda Chumvi

Pwani ya Yucatán, kusini-mashariki mwa Meksiko, ina taabu moja waliyoijua mabaharia tangu zamani, nayo ni kwamba bahari yake ni maji mafupi na sakafu yake huteremka polepole mno, hata meli kubwa hulazimika kutia nanga mbali kabisa na nchi kavu. Sisi watu wa Tanga na Pangani tunayo sababu ya kuijua pwani hiyo, kwa kuwa mkonge wetu asili yake ni huko: mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Dk. Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ambako mmea huo ulikuwa umeletwa kutoka Yucatán, na katika miche yote hiyo 62 tu ndiyo iliyowasili ikiwa hai. Hata jina la sisal, ambalo Wazungu huuita mmea huo, ni jina la bandari kongwe ya Yucatán, iliyopokonywa biashara yake na mji wa Progreso ulioasisiwa mwaka 1871 ili kuwa karibu zaidi na Mérida, mji mkuu wa Yucatán.

Ili kuzifikia meli, ilibidi gati liende baharini zaidi ya kilomita mbili. Kazi hiyo walipewa Christiani & Nielsen, wahandisi wa Copenhagen waliokwisha kupata sifa katika ujenzi wa saruji iliyotiwa chuma, nao waliifanya baina ya mwaka 1937 na 1941. Mawe waliyoyapata mahali pale yalikuwa ya chokaa, yenye vinyweleo vingi, na kokoto za namna hiyo hutoa zege linalopitisha maji; wala haikuwezekana kulikinga zege hilo na bahari ya joto iliyolizunguka pande zote. Hapo ndipo ilipodhihiri hekima yao.

Yafaa kueleza kwanza jinsi gati linavyobeba mzigo. Zege hustahimili sana kugandamizwa, lakini likivutwa hupasuka upesi. Na boriti yoyote iliyolala juu ya nguzo mbili, ikitwikwa shehena, hugandamizwa upande wa juu na kuvutwa upande wa chini, hivyo nondo za chini ndizo zinazoishikilia isikatike. Tao lina tabia nyingine, kwani huupokea uzito na kuusukuma pembeni hadi kwenye miguu yake, na karibu mwili wake wote hugandamizwa tu. Basi wajenzi wa Progreso walilisimamisha gati lao juu ya matao yenye upana wa mita 12 hivi kila moja, yakikaa juu ya nguzo nene, na pale ambapo chuma hakikuepukika wakatia nondo za milimita 30 zisizoshika kutu, zenye kromiamu na nikeli, jumla yake yapata tani 220. Chuma hicho kilikuwa ghali mno, na hapana shaka wapo walioona kuwa ni israfu.

Adui wa gati si uzito peke yake. Saruji huivika nondo ngozi nyembamba ya kuihifadhi, lakini chumvi ya bahari hupenya kidogo kidogo katika zege hadi ikaifikia ngozi hiyo na kuitoboa. Kisha kutu, ambayo hujaza nafasi kubwa maradufu na zaidi kuliko chuma kilichoizaa, hulisukuma zege kwa ndani mpaka likapasuka na kubanduka. Mahali penye hatari kuu ni pale mawimbi yanaporusha maji, panapolowa na kukauka kila siku. Chukua nondo ya milimita 30 iliyoliwa milimita tatu kila upande: imebaki milimita 24, na jicho litasema kuwa imepungua kidogo tu, lakini ukipima eneo la mkato wake utakuta zaidi ya theluthi ya nguvu yake imekwenda. Kwa hiyo mimi nashika kwamba kile kibao cha tani zinazoruhusiwa kinachotundikwa katika lango la gati kuukuu, kama hakikupimwa upya, ni ushahidi juu ya chuma ambacho huenda hakipo tena. Na mzigo nao umebadilika, kwani kontena moja lililojaa laweza kufikia tani 30, na gari linaloliinua huutupa karibu uzito wote, wa kontena na wake mwenyewe, juu ya ekseli yake ya mbele, mahali padogo ambapo zamani palipita mahamali na marobota.

Miaka kadhaa baadaye likajengwa gati la pili jirani na lile la kwanza, safari hii kwa nondo za kawaida. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wahandisi kutoka Denmaki walikwenda Progreso kulikagua gati la kwanza. Wakachukua vipande vya zege na kukuta chumvi iliyozidi mara nyingi kiwango kinachotosha kuiharibu nondo ya kawaida, na walipozitazama nondo zenyewe hawakuona madhara ya maana. Lile gati la pili, mdogo wake kwa umri, lilikuwa limekwisha kuanguka, limebaki visiki vya nguzo majini. Na juu ya matao ya mwaka 1941 malori ya shehena yalikuwa yakipita.