Heroes Acre ya Harare: nani huzikwa pale?

Mara nyingi mnatusikia tukiitaja Heroes Acre, makaburi ya kitaifa ya wapigania uhuru wa Zimbabwe. Yako kilimani, magharibi mwa jiji la Harare. Ujenzi ulianza 1981, mwaka mmoja baada ya uhuru, na wasanifu wa Korea Kaskazini walishirikiana na wenyeji.

Ukiyatazama kutoka angani, unaona bunduki mbili za AK-47 zimelazwa mgongo kwa mgongo. Safu za makaburi ndizo magazini zake. Katikati kuna kaburi la askari asiyejulikana, lenye sanamu ya shaba ya wapiganaji watatu: mwanamke mmoja na wanaume wawili. Hilo ni kwa ajili ya waliofia porini bila kuzikwa na ndugu zao.

Ubishi mkubwa ni juu ya nani anastahili kulala pale, maana wanaoamua ni vigogo wa chama tawala, ZANU-PF. Ndabaningi Sithole, kiongozi wa kwanza wa ZANU, alifariki 2000 akanyimwa nafasi. Naye Robert Mugabe, aliyewazika pale wenzake wengi, alizikwa kijijini kwao Kutama mwaka 2019. Serikali ilishaanza kumjengea kaburi Heroes Acre, lakini familia ilikataa. Mkewe wa kwanza, Sally, amelala pale tangu 1992.