Uchujaji wa Majitaka kwa Utando

Uchujaji kwa utando ni njia ya kusafisha majitaka kwa kuyapitisha kwenye ngozi nyembamba ya plastiki yenye vitundu vya takriban mikroni 0.01 hadi 0.4. Bakteria wengi wana ukubwa wa karibu mikroni 1, hivyo huzuiwa nje. Kwa sababu ya sifa hiyo, wengi huuona utando kuwa ndio mtambo wenyewe. Kumbe uhai wake huamuliwa kabla maji hayajaufikia. Adui mkubwa ni nywele na nyuzi za nguo. Chekeche la milimita 6 huzipitisha kwa urahisi. Zikifika ndani hujisokota, zikakamata tope na kuziba nafasi ambazo viputo vya hewa vilipaswa kupita vikiusugua utando. Ndiyo maana tangi lenye utando uliozamishwa hutanguliwa na chekeche la milimita 1 hadi 3, pamoja na mtego wa mafuta na wa mchanga. Kwa majitaka ya majumbani, busara ni kupitisha lita 15 hadi 25 kwa kila mita ya mraba ya utando kwa saa. Anayelazimisha zaidi ili anunue utando mdogo atalilipia punguzo hilo kwa klorini ya kuondoa utelezi na asidi ya sitriki ya kuondoa ukoko wa madini.

Wapo wanaodai kwamba vitundu vikiwa vidogo vya kutosha, hatua nyingine ni gharama bure. Windhoek, Namibia, inawajibu. Mji huo umekuwa ukirudisha majitaka yaliyosafishwa kwenye maji ya kunywa tangu 1968, na mtambo wake wa 2002 una utando. Lakini kabla yake maji hupita kwenye ozoni na kaboni, na majitaka ya viwandani hutengwa tangu mwanzo, kwani kemikali zilizoyeyuka hupenya vitundu hivyo.

Hoja nzito zaidi dhidi ya utando ni ya mabwawa ya kusafishia majitaka, kama yale ya Dandora yanayohudumia Nairobi: hayahitaji umeme mwingi wala vipuri kutoka ng'ambo. Penye ardhi tele, hoja hiyo inashinda, na ni haki ishinde. Ila hospitali ya katikati ya mji haina eka za kuchimba mabwawa. Hapo utando unastahili bei yake. Basi anayeandaa zabuni aanze kuandika chekeche, jenereta na mshahara wa fundi, ndipo aandike utando.