Herufi moja kwenye mbwa wa madoadoa

Juzi nilikesha nikitafuta hitilafu kwenye programu, kumbe ni herufi moja tu niliyoikosea. Nikakumbuka kisa cha mbwa aina ya Dalmatian, wale weupe wenye madoa wa sinema ya Disney ya 1961. Nao wana kosa la herufi moja, na kuruhusiwa kulirekebisha kulichukua miaka 38.

Mbwa wengi hugeuza asidi ya yuriki kuwa alantoini, ambayo huyeyuka vyema kwenye mkojo. Dalmatian ana kimeng'enya cha kazi hiyo, ila ini lake haliivuti asidi ndani ya kutosha. Basi huishia kwenye mkojo na mara nyingine huganda kuwa mawe. Madume ndio huumia zaidi, maana njia yao ya mkojo ni nyembamba. Jiwe likikwama mbwa hawezi kukojoa, na asipotibiwa haraka hufa. (Sisi binadamu tusicheke, hatuna hata hicho kimeng'enya, ndiyo maana kuna jongo.)

Shida ni kwamba Dalmatian wote walikuwa na nakala mbili mbovu za jeni hiyo. Utachaguaje mzazi mzima pasipo na mzima hata mmoja? Mwaka 1973 mtaalamu wa jenetiki wa Marekani, Robert Schaible, akaazima kodi safi kwingine: alimpandisha Dalmatian na Pointer, mara moja tu. Kisha kila kizazi akarudi kwa Dalmatian, akibakisha watoto ambao mkojo wao ulikuwa wa kawaida. Piga hesabu mwenyewe: sehemu ya Pointer ni asilimia 50, halafu 25, halafu 12.5... ukirudi mara kumi haifiki hata 0.1.

Mwaka 1981 American Kennel Club ikaandikisha wawili kati yao. Wanachama wa klabu ya Dalmatian wakapinga, na watoto wa hao wawili wakafungiwa mlango. Hapo mimi hukasirika. Dawa ipo mkononi, mbwa wanapasuliwa vibofu, watu wanabishania usafi wa damu!

Mwaka 2008 kundi la Danika Bannasch, Chuo Kikuu cha California, Davis, likaitaja jeni yenyewe: SLC2A9. Palipopaswa kuwa na G pana T. Mkojo haukuweza kutofautisha mbwa mwenye nakala moja nzima na mwenye mbili, kwa sababu moja yatosha kumlinda. Kipimo cha DNA huzisoma zote. Mwenye mbili akipandishwa na Dalmatian wa kawaida, watoto wote wanasalimika. Mwenye moja, nusu kwa wastani.

Mwaka 2011 AKC ikawakubali. Utafiti uleule wa 2008 ulikuta T hiyohiyo kwa Bulldog na Black Russian Terrier, lakini kwao wazima wamo humohumo kundini. Unapima, unachagua, huhitaji Pointer.