Nani Alikufa Gauda Prime?

Jumatatu ya tarehe 21 Desemba 1981, siku nne kabla ya Krismasi, BBC1 ya Uingereza ilirusha sehemu ya 52 ya tamthiliya ya Blake's 7. Katika dakika za mwisho mashujaa wakaanguka mmoja baada ya mwingine, polepole, mpaka akabaki mmoja tu amesimama. Askari wamemzunguka. Akainua bunduki, akatabasamu. Majina ya waigizaji yakaanza kupita, na nyuma yake ikasikika milio ya risasi. Basi. Sehemu ya 53 haikuja mpaka leo.

Zaidi ya miaka 40 imepita na watu bado wanabishana: nani alikufa pale?

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tuna kanuni yetu: stelingi hafi. Atapigwa risasi, ataanguka kwenye korongo, nyumba itamlipukia, lakini mkanda ukiendelea utamwona anatoka vumbini anajifuta damu. Waingereza hawana neno stelingi, ila kanuni wanaijua kitambo. Mwaka 1893 Arthur Conan Doyle alimtumbukiza Sherlock Holmes kwenye maporomoko ya Reichenbach, wasomaji wakaomboleza na kukasirika, na mwaka 1903 akalazimika kumrudisha. Iliwezekana kwa sababu moja rahisi: mwili haukuonekana.

Mimi ni mwandishi wa habari, na nadhani ndiyo maana ubishi huu umenikaa kichwani. Kwenye chumba cha habari, kifo hakiandikwi kwa kusikia. Mpaka familia iseme, au hospitali, au polisi. "Inasemekana" haitoshi, hata kama mji mzima umeshaanza kutoa pole. Nilipomaliza kuitazama Blake's 7, miaka mingi baada ya Waingereza, kwenye kompyuta yangu usiku baada ya usiku, nikaanza kusoma mabishano ya mashabiki wake. Kumbe watu hawa wanafanya kazi yangu. Wanatafuta uthibitisho wa kifo.

Kwa msomaji ambaye hajaiona, hadithi iko hivi. Mtunzi wake ni Terry Nation, yuleyule aliyewabuni Dalek wa Doctor Who. Sehemu ya kwanza ilirushwa tarehe 2 Januari 1978. Dunia na sayari nyingi zinatawaliwa na Shirikisho, dola katili inayotuliza raia wake kwa dawa na kuwabambikia kesi wanaopinga. Roj Blake anabambikiwa kesi ya aibu na kupakiwa kwenye chombo cha wafungwa. Njiani anapata chombo cha ajabu kilichotelekezwa angani, Liberator, na kuanzisha vita dhidi ya dola akiwa na kundi la wahalifu. Kati yao yumo Vila, mwizi mwoga ambaye hakuna kufuli linalomshinda. Yumo pia Kerr Avon, mtaalamu wa kompyuta aliyekamatwa kwa kujaribu kuiibia benki, mtu mwenye akili kali na ulimi mkali zaidi, anayesema wazi kwamba hamwamini mtu.

Blake anaamini haki, Avon anaamini hesabu. Wanagombana kila wiki na kuokoana kila wiki. Hapo ndipo ilipo roho ya tamthiliya hii.

Baada ya misimu miwili, mwaka 1979, Gareth Thomas aliyeigiza Blake akaondoka. Tamthiliya yenye jina la Blake ikaendelea bila Blake, na Avon, aliyeigizwa na Paul Darrow, akashika usukani. Tarehe 31 Machi 1980 ikaja sehemu iitwayo "Terminal", iliyokusudiwa kuwa mwisho wa yote. Humo Avon anavutwa kwenye mtego kwa sura ya Blake ambayo ni udanganyifu mtupu wa akili. Adui yake mkuu, Servalan, anamwambia Blake alishakufa na mwili wake umeteketezwa kwa moto. Liberator inaharibika. Lakini jioni ileile, majina yakiwa yanapita, mtangazaji wa BBC akasema tamthiliya itarudi. Hata waigizaji wenyewe lilikuwa jambo jipya kwao.

Liweke hilo akilini. Mashabiki walikuwa wameshaambiwa mara moja kwamba Blake amekufa, tena majivu. Halafu Desemba 1981 Blake huyu hapa, mzima, ana kovu kubwa usoni, yuko sayari ya Gauda Prime anajifanya mwindaji wa wahalifu ili kukusanya wapiganaji wapya. Anawapima kwanza kwa kujifanya msaliti. Anampima hivyo Tarrant, rubani wa Avon, ambaye chombo chao kimetunguliwa naye kimeanguka naye. Tarrant anaamini kweli ameuzwa. Anatoroka, anakutana na Avon na wenzake, anawaambia Blake ametuuza sote.

Avon anamwuliza Blake kama ni kweli. Blake anamsogelea, anaanza kueleza kwa maneno yanayoweza kueleweka kwa namna mbili. Avon anafyatua. Mara tatu. Blake anamshika, kisha anaanguka miguuni pake. Dakika hiyohiyo mmoja wa wapiganaji wapya wa Blake, Arlen, anajitambulisha kuwa afisa wa Shirikisho. Dayna anapigwa. Vila anamzubaisha Arlen na kumwangusha, kisha anapigwa yeye. Soolin. Tarrant. Halafu tabasamu la Avon.

Sasa tuje kwenye ushahidi.

Kundi la kwanza la mashabiki linasema: tazama damu. Blake ana damu, tena nyingi. Wengine walioanguka hawana. Shirikisho lina desturi ya kutaka wafungwa wahojiwe, kwa hiyo bunduki zilizowapiga zilikuwa za kuzimisha tu. Kundi la pili linasema: tazama Orac. Orac ni kompyuta yenye uwezo wa kusoma kompyuta nyingine zote, na dola imeitafuta kwa miaka. Kabla ya kuingia kwenye kituo cha Blake, Avon aliificha. Anayejua ilipo ni Avon. Mwenye akili gani atamuua mtu mwenye siri hiyo? Kundi la tatu halikubali hata kifo cha Blake. Linakumbusha kwamba mwaka 1979, katika sehemu iitwayo "Weapon", wataalamu walitengeneza nakala hai ya Blake, na nakala hiyo iliachwa hai kwenye sayari ya mbali. Nani anasema aliyepigwa Gauda Prime si nakala? Halafu kuna wale wanaosikiliza ile milio mwishoni, mlio kwa mlio, kutafuta bunduki ya nani ilitangulia.

Usiwacheke. Mtu aliyewahi kusubiri orodha ya majina baada ya ajali ya meli anajua akili inavyofanya kazi. Jina lisipotajwa, tumaini linabaki, na tumaini linajua kutafuta hoja.

Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba hoja ya damu ina chanzo chake nyuma ya kamera. Thomas alikubali kurudi kwa sehemu moja ya mwisho, lakini kwa sharti: safari hii Blake afe, afe kabisa, pasiwe na ujanja. Alishaitwa Blake vya kutosha. Kwa hiyo damu ile iliwekwa kama muhuri. Ni mwigizaji anayetuambia, huyu msimtafute tena. Kwa wengine, mwandishi wa sehemu hiyo, Chris Boucher, aliyekuwa mhariri wa miswada tangu mwanzo, aliacha mlango wazi. Kama BBC ingetoa msimu wa tano, aliyetaka kurudi angeamka, na asiyetaka angezikwa. Maana yake usiku ule hata mwandishi hakuwa na jibu. Hatima ya Tarrant na Soolin ilikuwa inategemea mikataba.

Msimu wa tano haukuja, na mashabiki wakaurithi mlango ule. Intaneti hakukuwa. Walipiga chapa hadithi zao, wakazitoa fotokopi, wakazibana kwa stepla, wakazituma kwa posta na kuuziana kwenye mikutano, kwanza Uingereza, kisha Marekani ambako tamthiliya ilionyeshwa na vituo vya televisheni vya umma miaka ya 1980. Hadithi za aina hiyo zilikuwa nyingi kiasi cha kupewa kifupisho chao, PGP, yaani yaliyotokea baada ya Gauda Prime. Humo Vila anaamka gerezani. Humo Avon anahojiwa. Humo Blake anapona, na wawili wale wanalazimika kukaa chumba kimoja na kuzungumza.

Vitabu rasmi navyo vikaingia. Mwaka 1984 Tony Attwood alichapisha riwaya ya Afterlife, iliyowaacha hai Avon na Vila. Mwaka 2013 Paul Darrow mwenyewe akachapisha Lucifer, na huwezi kushangaa: Avon wake alitoka mzima. Mmoja alitaka mhusika wake afe ili awe huru, mwingine akaendelea kumbeba wake kwa zaidi ya miaka 30. Kati ya hao wawili sioni wa kumlaumu.

Ila nina neno kwa sisi tunaobishana. Katika kuhesabu damu na milio, tumewasaidia wahusika kukwepa swali zito zaidi. Wale wanne walipigwa na adui, na kifo cha mkononi mwa adui ni kitu ambacho mtu aliyeingia vitani anakitarajia. Kifo pekee ambacho hakina shaka ni cha mtu aliyeuawa na rafiki. Tena rafiki aliyeuliza swali na kufyatua kabla jibu halijaisha.

Tamthiliya ilikuwa imetuonya. Wiki mbili kabla, katika sehemu iitwayo "Orbit", Avon na Vila wako kwenye chombo kidogo kilicholemewa na mzigo usioonekana, na kitaanguka wasipopunguza uzito. Orac inamkumbusha Avon kwamba Vila ana kilo 73. Avon anachukua bunduki na kuanza kumtafuta, anamwita kwa sauti ya upole, huku Vila amejificha analia kimya. Wanaokoka kwa njia nyingine, lakini Vila ameshasikia alichosikia. Mtu aliyesema miaka minne kwamba haamini yeyote alikuwa amefika mahali ambapo hata anayempenda anampima kwa kilo. Dola ilichofanya Gauda Prime ni kuja kukusanya tu. Kazi ilikuwa imeshafanywa ndani ya nyumba.

Ndiyo maana hadithi za mashabiki ambazo zimenigusa ni zile za chumba kimoja. Kumwamsha Vila ni rahisi, bunduki ya kuzimisha inatosha. Kumwamsha Blake kunamtaka mwandishi amkalishe Avon chini asikie jibu ambalo hakulisubiri. Shabiki aliyeandika hivyo, kwa mashine ya chapa, sebuleni kwake, alikuwa anampa Avon kitu ambacho Boucher alimnyima: sekunde kumi zaidi.

Nikipewa habari hii niiandike kwa kesho, nitaiandika hivi. Roj Blake amefariki dunia, na imethibitishwa. Deva, msaidizi wake, amefariki pia. Dayna, Soolin, Tarrant na Vila: haijathibitishwa. Kerr Avon alionekana mara ya mwisho akiwa amesimama juu ya mwili wa Blake, na hakupatikana kuzungumzia tukio hilo.