Majilio: Historia ya Neno na ya Kungoja

Mwaka wa Kanisa katika mapokeo ya Magharibi hauanzi tarehe 1 Januari. Huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtume Andrea, na kipindi hicho cha kwanza huitwa kwa Kiswahili Majilio. Waumini wengi huyaelewa kuwa ni majuma manne ya kujiandaa kwa Krismasi. Maana hiyo ni sahihi, ila ni nusu tu ya maana yake.

Kiisimu, neno hili latokana na kitenzi -ja. Kauli ya kutendea huzaa -jia. Kiambishi cha kutendea kikirudiwa, hupatikana -jilia, yaani kumfikia mtu kwa jambo maalumu. Kilatini adventus, lenye ad- ya kuelekea, lilitumika pia kwa kaisari aingiapo mjini kwa fahari. Kiswahili kimeifikia maana hiyo kwa mnyambuliko wake chenyewe: penye kujilia pana anayejiliwa, naye hutakiwa awe tayari.

Utayari huo ulianza kudhihirika kwa saumu. Gregorio wa Tours, mwanahistoria wa karne ya 6, ameandika kuwa Askofu Perpetuus wa mji huo, katika karne ya 5, aliagiza watu wafunge siku tatu kwa juma tangu sikukuu ya Mtakatifu Martin, tarehe 11 Novemba, hadi Krismasi. Roma ilishika kipindi kifupi zaidi, na hatimaye Jumapili nne zikaenea Magharibi. Milano ingali na majuma sita, na Waorthodoksi hufunga siku 40 kabla ya Noeli.

Je, aliyengojwa alikuwa mtoto wa horini au hakimu wa mwisho wa dunia? Bernardo wa Clairvaux, aliyefariki mwaka 1153, alifundisha majilio matatu: katika mwili, katika utukufu, na kati ya hayo, katika moyo wa mwamini. Kanuni za Kikatoliki za mwaka 1969 nazo zimehifadhi pande mbili: hadi tarehe 16 Desemba liturujia hukazia ujio wa pili, kuanzia tarehe 17 hadi 24 huelekea moja kwa moja kwenye kuzaliwa kwa Bwana.

Desturi za baadaye ziliegemea upande wa Krismasi. Mwaka 1839, mchungaji wa Kilutheri Johann Hinrich Wichern, aliyewalea watoto maskini mjini Hamburg, aliwatengenezea gurudumu lenye mishumaa ili wahesabu siku zilizobaki. Humo ndimo lilimoanzia shada la Majilio. Kwa upande mwingine, Waadventista Wasabato, ambao kanisa lao liliundwa rasmi mwaka 1863, hawafuati kalenda hiyo ya liturujia. Hata hivyo jina lao, lenye asili ile ile ya Kilatini, latangaza ujio wa pili.

Hivyo Kiswahili kina maneno mawili ya shina moja la kiimani: Majilio kwa kipindi, Adventista kwa wangojao marejeo. Mtunga kamusi aandikapo "matayarisho ya Krismasi" tu, huyatenga yale ambayo historia imeyaunganisha, na msomaji hataelewa kwa nini Jumapili ya kwanza ya Majilio husomwa maneno ya kukesha na ya mwisho wa dunia, wala si habari za Bethlehemu.