Boksi la spika ya besi kwenye gari: lililozibwa au lenye tundu?

Msikilizaji, spika mbili za besi za aina moja zinaweza kufungwa kwenye magari mawili, moja ikapiga safi na nyingine ikakoroma mpaka ikaungua koili. Mara nyingi tatizo haliko kwenye spika wala amplifaya. Liko kwenye boksi. Soma maelezo haya kabla hujampa fundi hela.

Kwa nini spika inahitaji boksi

Karatasi ya spika ikisukuma hewa mbele, upande wa nyuma inaivuta. Mawimbi ya pande hizo mbili yakikutana yanafutana, na besi inapotea. Ndiyo maana spika kubwa ya inchi 12 ukiiwasha ikiwa imelala mezani haina mshindo. Kazi ya kwanza ya boksi ni kuzitenganisha pande hizo.

Boksi lililozibwa

Hili halina uwazi wowote. Hewa iliyofungiwa ndani inafanya kazi kama springi: karatasi ikitoka, inarudishwa. Besi yake ni fupi na kavu, inafuata ngoma za haraka kama za singeli bila kuburuza. Ni boksi dogo pia. Spika nyingi za inchi 12 zinatosheka na lita 25 hadi 35. Tena linasamehe: fundi akikosea lita mbili au tatu, hutasikia tofauti kubwa. Hasara yake ni kwamba linataka wati nyingi zaidi ili litoe kishindo sawa na lenye tundu.

Boksi lenye tundu

Pulizia hewa kwenye mdomo wa chupa tupu ya soda, utasikia mlio mmoja mzito. Tundu la boksi linafanya vivyo hivyo. Sauti ya nyuma ya spika inageuzwa na kutoka nje ikisaidiana na ya mbele. Karibu na mlio huo unaweza kupata nyongeza ya takriban desibeli 3, ambayo ni sawa na kuongeza wati za amplifaya mara mbili. Wapenzi wa rege na amapiano wengi wanalipenda kwa sababu hiyo.

Gharama yake ni nafasi na umakini. Spika ya inchi 12 mara nyingi inahitaji lita 45 hadi 65, na upana na urefu wa tundu lazima vikokotolewe. Hatari iko chini ya mlio wa tundu: hapo hewa haiizuii tena karatasi, nayo inaruka bila breki mpaka koili inagonga. Kama amplifaya yako ina kitufe kilichoandikwa SUBSONIC, kiweke chini kidogo ya mlio wa tundu. Tundu likiwa la hezi 35, kitufe kikae karibu na 30. Kama haina kitufe hicho, boksi lililozibwa ni salama zaidi.

Boksi lililoficha spika

Madukani kuna maboksi ambayo spika imefichwa ndani kabisa na sauti inatokea tunduni tu. Yanapiga kwa nguvu, lakini kwa milio michache. Ubaya wake mwingine ni kwamba spika ikizidiwa huisikii vizuri ikilalamika, unakuja kujua imeshaungua. Kwa anayeanza, liache.

Pima ndani, si nje

Hapa ndipo hela nyingi zinapotea. Chukua boksi la nje sentimita 50 kwa 35 kwa 35. Zidisha, gawanya kwa 1,000, unapata lita 61. Lakini mbao zake zina unene wa milimita 18, kwa hiyo ndani ni 46.4 kwa 31.4 kwa 31.4, yaani kama lita 46 tu. Lita 15 zimeliwa na mbao. Bado hujatoa nafasi ya mgongo wa spika na bomba la tundu.

Lita sahihi zimeandikwa kwenye karatasi ya maelezo inayokuja na spika. Usiitupe. Ikipotea, tafuta namba ya modeli nyuma ya sumaku na uitafute kwa simu yako.

Mbao na usalama

Tumia MDF au plaiwudi nzito ya milimita 18 au zaidi. Mbao nyembamba inatetemeka na kula besi. Ziba viungo vyote kwa gundi ya mbao na silikoni. MDF ikinywa maji inavimba, kwa hiyo ipake rangi kabla ya mvua kuanza.

Kwenye Noah au Probox, boksi linakaa chumba kimoja na abiria. Likiwa na spika linaweza kufika kilo 20 au zaidi, na gari likifunga breki ghafla linarukia vichwa vya watu. Lifunge kwenye bodi kwa bolti au mikanda imara. Kama gari ni la kubeba abiria na mizigo kila siku, boksi dogo lililozibwa linakuachia nafasi ya kufanyia kazi.

Ukifika kwa fundi, mwonyeshe karatasi ya spika na mkubaliane mambo matatu kabla mbao haijakatwa: lita za ndani, mlio wa tundu kama lipo, na namna boksi litakavyofungwa kwenye gari.